Tulipie Uniti Zilizookolewa: Vivutio vya Fedha kwa Biashara Zinazopunguza Matumizi ya Umeme

Wenye viwanda, maafisa wa mikopo na wahandisi mliohudhuria, mada niliyopewa ni pana, nami nitaishika upande mmoja tu: fedha za kuwasaidia wafanyabiashara wapunguze matumizi ya umeme zitolewe kwa kigezo gani? Msimamo wangu ni kwamba tulipie uniti zilizookolewa na kupimwa. Mashine mpya pekee isimpatie mtu fedha.

Kwa upande wa sheria, Kenya haikuanza jana. Kanuni za Usimamizi wa Nishati za mwaka 2012 ziliagiza kila kiwanda au jengo linalofikia matumizi ya uniti 180,000 kwa mwaka likaguliwe kila baada ya miaka 3, na mwenyewe atekeleze angalau nusu ya akiba ambayo mkaguzi ameibaini. Chama cha Watengenezaji Bidhaa, KAM, kwa ushirikiano na Wizara ya Nishati, kimesaidia viwanda vingi kupata ukaguzi huo kwa ruzuku. Kwa hiyo ripoti zipo. Kinachokwama ni hatua inayofuata. Mwenye kiwanda anaipeleka ripoti benki, afisa anaisoma, halafu anauliza hati ya shamba. Akiba ya umeme ambayo bado haijaonekana haihesabiki kuwa dhamana. Mikopo ya SUNREF, iliyotoka kwa Shirika la Maendeleo la Ufaransa ikapitia benki za eneo letu, ilijaribu kuliziba pengo hilo, nayo ilikuja na wataalamu wa kumsaidia mkopaji kuandaa mradi. Huo utaalamu nauthamini kuliko unafuu wa riba.

Tuingie ndani ya kiwanda cha chai, kwenye vitanda vya kunyaushia majani. Feni inazunguka kwa kasi yake yote, usiku na mchana. Majani yakihitaji hewa kidogo, mhudumu anafunga kilango cha hewa nusu, na mota inaendelea kuvuta umeme. Ni sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Ukifunga invata ya kupunguza mwendo wa mota, kasi ikashuka kwa asilimia 20, umeme unaohitajika unakaribia nusu ya ule wa awali, kwa sababu nguvu ya feni hupanda na kushuka kwa kipeo cha tatu cha kasi. Tuchukue mota ya kilowati 15 inayofanya kazi saa 4,000 kwa mwaka: inakula uniti 60,000. Kwa kasi hiyo ya chini zinabaki takriban 31,000. Tukikadiria shilingi 20 kwa uniti, feni moja imeokoa kama shilingi 580,000.

Lakini hesabu hiyo inategemea mhudumu. Akiiacha invata kwenye kasi ya juu, kifaa kipo ukutani, ruzuku imelipwa, na bili haijashuka. Ndiyo maana sikubaliani na mipango inayolipa kwa risiti ya dukani.

Afrika Kusini ilichagua njia ya kupima. Kifungu cha 12L cha Sheria ya Kodi ya Mapato kiliruhusu kampuni, kuanzia Novemba 2013, kupunguza mapato yanayotozwa kodi kwa senti 45 za randi kwa kila uniti (kilowati-saa) iliyookolewa. Mwaka 2015 kiwango kikapandishwa hadi senti 95. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 27, senti hizo 95 zilimpunguzia mlipakodi kama senti 26. Mtaalamu huru alilinganisha matumizi ya kabla na ya baada, kisha taasisi ya taifa ya maendeleo ya nishati, SANEDI, ikatoa cheti. Bila cheti, hakukuwa na punguzo.

Udhaifu wake ni dhahiri. Kampuni isiyopata faida haina kodi ya kupunguziwa, na gharama ya vipimo inaweza kummeza mwenye hoteli ndogo au ghala la samaki. Kwa hawa ningependekeza punguzo la moja kwa moja, hasa kwa taa na majokofu, ambako akiba inakadirika bila kumwita mtaalamu.

Tuangalie pia vivutio vinavyogongana. Hapa Kenya, bei nafuu ya usiku ya mwaka 2017 iliwapa wateja wa viwanda nusu ya bei ya uniti baada ya saa 4 usiku, mradi wavuke kiwango kilichotokana na matumizi yao ya nyuma. Lengo lilikuwa jema, kutumia umeme uliokuwa ukibaki. Hata hivyo, kiwanda kilichobana matumizi kwa bidii kingepata shida kukivuka kiwango hicho, huku jirani aliyeongeza matumizi akifurahia. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ihakikishe kiwango cha mteja kinarekebishwa pale anapothibitisha akiba.

Kwa benki, pendekezo langu ni kwamba marejesho ya mkopo yasizidi akiba ya mwezi inayosomwa kwenye mita, na sehemu ndogo ya akiba hiyo iwafikie wahudumu wa mitambo, maana ndio wanaosikia kompresa ikivuja hewa usiku. Kwa wenye viwanda, fungeni mita ndogo kwenye kompresa, boila na feni sasa, kabla ya kununua chochote. Mpango wa kulipia akiba ukija, mtaulizwa rekodi za miezi 12 iliyotangulia, na rekodi hizo hazitengenezwi baada ya mashine kubadilishwa.