Mbao Mbichi, Molekuli na Msamiati: Kiswahili katika Fizikia ya Polima

Penye biashara ya mbao za mashamba ya miti ya Sao Hill wilayani Mufindi, mkoani Iringa, na yale ya Kiwira na Kawetire upande wa Mbeya, mnunuzi huuliza kwanza iwapo ubao ni mbichi au ni mkavu. Maneno hayo mawili yanatosha kufikia bei. Hayatoshi kueleza kwa nini ubao uliodhaniwa kuwa mkavu huja kupinda ukiwa tayari ni mlango.

Ubao ni mseto wa polima. Ukuta wa seli ya mti umejengwa kwa nyuzinyuzi za selulosi zenye upana wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), nazo zimezungukwa na hemiselulosi na lignini. Selulosi yenyewe ni mnyororo mrefu wa vipande vya glukosi. Kile ambacho maabara hukitengeneza kwa gharama kubwa, mpaini hukitengeneza kwa mvua na jua.

Ndani ya mseto huo mna maji, na maji ndiyo yanayotoa siri. Molekuli ya maji ina ncha mbili: upande wa oksijeni una chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya kidogo. Ikiwekwa katika uga wa umeme, hujielekeza. Uga ukigeuka, nayo hugeuka. Kwa sababu hiyo kipimo cha mwitiko wa maji kwa uga wa umeme ni takriban 80 katika joto la kawaida, ilhali cha polithini ni takriban 2.3, na cha ubao mkavu hakizidi tarakimu chache. Aina moja ya kipima unyevu hutumia tofauti hiyo: huwekwa juu ya ubao na kukadiria maji yaliyomo bila kuutoboa. Aina nyingine, ile ya pini, hupima ukinzani.

Hata hivyo, si maji yote yaliyo huru. Unyevu ukishuka hadi kama asilimia 30 ya uzito wa ubao mkavu, maji yaliyojaa katika matundu ya seli huwa yamekwisha, na yanayosalia yameshikwa na selulosi. Haya hayageuki upesi kama yale ya kwanza. Ni hayo pia ambayo, yakianza kutoka, huufanya ubao unywee na kupinda. Neno *mbichi* linafunika hali zote mbili, na hapo ndipo mnunuzi anapopata hasara.

Msamiati wa kitaalamu nao una mitego yake. Neno *kihami* limezoeleka kwa kitu kisichopitisha umeme. Ni neno zuri, lakini linataja faida ya kitu kwa mtumiaji, yaani kumhami, wala halitaji kinachotendeka ndani. Msikilizaji hudhani kuwa kihami kimelala. Kumbe molekuli zake zinajigeuza mamilioni ya mara kwa sekunde endapo uga utadai hivyo, na sehemu ya nishati hupotea kuwa joto. Kwa dhana hii ya pili *dielektriki* inafaa kukopwa, na *kihami* kibaki na kazi yake.

Kinyume chake, uga unapoondolewa na molekuli kurudia hali yake ya awali, hakuna haja ya kukopa. Kiingereza hutumia hapo neno lile lile la mtu anayejipumzisha, na mfasiri mwenye haraka ataandika *mapumziko*. Molekuli haikuchoka. *Kutulia* ni sahihi zaidi: maji yaliyotikiswa hutulia, vumbi hutulia, na kila kimoja kina *muda wa kutulia* unaopimika. Peter Debye, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1936, aliutumia muda huo katika nadharia yake ya molekuli zenye ncha mbili.

Neno *mseto* nalo lina stahili yake. Katika chungu cha mchele na choroko, kila punje hubaki ilivyo ingawa chakula ni kimoja. *Mchanganyiko* hauahidi hivyo. Tangu T. J. Lewis alipoandika kuhusu dielektriki za kiwango cha nano mwaka 1994, watafiti wameelekeza macho mahali punje inapogusana na polima. Minyororo iliyo karibu na punje yaweza kubanwa au kulegezwa, kutegemea inavyoshikamana nayo. Kuita mahali hapo *mpaka* ni kupotosha, kwani mpaka ni mstari tu, na tabaka hili lina unene. *Ukanda wa mpakani* ni refu kidogo, lakini ni kweli.

Uamuzi huu una wenyewe. Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, kilichoanzishwa Iringa mwaka 2005, hutoa walimu. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya hutoa wahandisi. Wote husomea fizikia kwa Kiingereza, kisha wengi wao huieleza kwa Kiswahili kwa fundi, kwa mzazi, na hata kwa mwanafunzi aliyekwama. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990, kabla utafiti wa miseto ya nano haujashika kasi. Lipo bado tatizo la joto ambalo chini yake polima hukakamaa bila kuwa fuwele: kuliita *mpito wa kioo* humfanya msikilizaji afikirie dirisha, na *mkakamao*, ingawa linaeleweka Mafinga na Uyole, halijapimwa darasani.