Fundi na Karakana ya Pamoja

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu.)

   

Leo ninazungumza na wewe uliye fundi. Wewe unayeshona nguo, wewe seremala, wewe fundi wa baiskeli, mshona viatu, msuka vikapu, mchomelea vyuma. Na wewe kijana ambaye bado hujajua ufundi lakini unautamani.

Siku uliyovuka mpaka pale Mpondwe, huenda ulikuwa na mtoto mgongoni na mzigo wa nguo kichwani. Randa, msumeno na cherehani vilibaki nyumbani, au uliviuza njiani upate nauli. Ukaandikishwa, ukapewa turubai na sufuria. Miezi imepita, mikono yako bado inajua kazi, lakini haina cha kushika. Leo mtu akikuuliza unafanya kazi gani, unamjibu, "Mimi ni mkimbizi tu." Ndugu yangu, hiyo si kazi yako. Kazi yako unaijua. Ulichopoteza ni vyombo.

Basi tufanye hesabu pamoja. Tuseme cherehani imara inauzwa shilingi 600,000. Ukiweka akiba ya shilingi 2,000 kila wiki, peke yako, utahitaji wiki 300. Hiyo ni karibu miaka 6. Lakini mkiwa watu 15, kila mmoja akiweka 2,000 zilezile, mnapata 30,000 kwa wiki. Baada ya wiki 20 cherehani imefika. Mkiendelea, baada ya miezi mingine mitano mna ya pili. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya karakana ya pamoja: chombo ambacho mtu mmoja hawezi kukinunua, kikundi kinaweza.

Faida ya pili ni kujifunza. Ukifanya kazi nyumbani kwako, kosa lako hakuna anayeliona mpaka mteja alirudishe. Ukifanya kazi kando ya wenzako, mmoja atakuambia, "Mama, geuza kitambaa, hapo utakosa kipimo." Kijana anayefagia karakana asubuhi, jioni amejua kunoa patasi. Hakuna ada ya shule iliyolipwa hapo.

Faida ya tatu ni kazi kubwa. Shule ikitaka sare 200 au madawati 40, haitampa mtu mmoja mwenye randa moja. Itawapa watu wenye mahali panapojulikana, wanaoweza kugawana kazi na kumaliza kwa wakati.

Labda utasema haya ni maneno ya redio. Tutazame basi majirani zetu. Pale Nairobi, karibu na soko la Gikomba, kuna mahali panaitwa Kamukunji. Mafundi wa bati walianza wakigonga vyuma nje, juani, na ndiyo maana Wakenya huwaita mafundi kama hao jua kali. Hapo hutengenezwa masanduku ya bati, majiko, makarai na toroli. Mmoja anakata, mwingine anakunja, mwingine anapiga rangi. Chombo ambacho huyu hana, yule anacho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilianza kutengeneza jiko la makaa lenye bati nje na udongo ndani, kwa wazo lililotoka Thailand. Jiko hilo hutumia makaa machache kuliko jiko la bati tupu. Lakini fundi wa bati hakujua kuchoma udongo, na mfinyanzi hakujua kukunja bati. Ilibidi washirikiane. Leo jiko hilo liko katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, na huenda jirani yako analo.

Kule Arusha, Tanzania, yuko fundi wa baiskeli aitwaye Bernard Kiwia. Alitengeneza kifaa cha kuchaji simu kwa kukanyaga baiskeli. Hakuficha ujuzi wake. Alikuwa miongoni mwa walioendeleza karakana iitwayo Twende, ambapo watu wa kawaida huja na shida zao za kazi, wakatumia vyombo vilivyopo na kujitengenezea kifaa cha kuwasaidia.

Sasa, msikilizaji, sitakuficha upande wa pili. Kikundi cha kwanza nilichojiunga nacho mimi kilivunjika. Tulikuwa na msumeno mmoja na randa mbili. Hatukuandika kitu, kwa sababu tulisema sisi ni ndugu. Mwenzetu mmoja akachukua randa kwenda nayo nyumbani kwa siku moja. Ilikaa mwezi. Iliporudi, ulimi wake ulikuwa umevunjika kwa misumari. Tukaanza kugombana. Kwanza tuligombania randa. Baada ya wiki mbili tukawa tunatajiana makabila na vijiji tulivyotoka. Watu tuliokimbia vita pamoja, tukaacha kusalimiana kwa sababu ya randa.

Ndiyo maana nakuomba: jiunge, lakini jiunge palipo na masharti. Na kama mnaanza wenyewe, anzeni na mambo haya.

Kwanza, andikeni daftari la vyombo. Kila chombo kiwe na namba, na anayekitumia aandike jina lake na saa. Asiyejua kuandika aandikiwe mbele ya shahidi.

Pili, chombo cha karakana kisilale nyumbani kwa mtu, hata kwa mwenyekiti.

Tatu, kubalianeni mapema nani analipa chombo kikivunjika. Kikichakaa kwa kazi, kikundi kinalipa. Kikiharibika kwa uzembe, analipa aliyekiharibu, hata kama ni kidogo kidogo.

Nne, fedha ziwe katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziwe kwa watu watatu. Hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano.

Tano, gawaneni saa kwa haki. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kuja alfajiri. Mpeni saa anazoweza. Na pale penye msumeno na moto wa kuchomelea, watoto wasiingie, na macho ya fundi yakingwe.

Je, sheria inaruhusu? Ndiyo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi za mikono, kilimo na biashara kwa kufuata sheria za nchi, na pia haki ya kujiunga na vyama visivyo vya siasa. Mkiwa tayari, nendeni kwa afisa wa maendeleo ya jamii na katika ofisi ya OPM ya kambi yenu, muulize jinsi ya kuandikisha kikundi. Kikundi kilichoandikishwa husikilizwa kinapoomba kazi au msaada.

Na msiwasahau wenyeji. Hapa Kasese, kuanzia Bwera mpaka Rukoki, Mkonzo na Mnande aliyetoka Beni au Butembo wanaelewana kwa lugha bila mkalimani. Mwenyeji anajua mbao zinauzwa wapi kwa bei nafuu, na mteja gani halipi. Wewe unajua mtindo wa nguo ambao yeye hajauona. Mkikaa karakana moja, kila mmoja ana la kumpa mwenzake.

Mimi leo niko katika kikundi cha pili. Tuna daftari. Tunagombana bado, lakini tukigombana tunafungua daftari, tunasoma, tunarudi kazini.

Kabla hujazima redio, waulize wenzako maswali haya matatu:

1. Katika safu yetu ya nyumba, ni nani wana ufundi, na ni ufundi gani?

2. Ni chombo kipi kimoja ambacho tukikipata kitafungulia kazi watu wengi zaidi?

3. Kikivunjika, tutafanyaje bila kugombana?

Mkiweza kujibu hilo la tatu, mko tayari kuanza.  

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unaisha.)