Ubao wa Kazi Unaotuma Habari Wenyewe, Bila Seva

(Mada iliyotolewa kwa kamati za miradi ya maji na vikundi vya vijana)



Chukueni mfano wa kamati ya maji iliyoacha daftari na kuhamia Trello, ubao wa kazi wa mtandaoni ulioanzishwa Marekani mwaka wa 2011 na kununuliwa na kampuni ya Atlassian mwaka wa 2017. Pampu ikiharibika, katibu huandika kadi na kuiweka katika safu ya "Imeripotiwa". Fundi akimaliza, kadi husogezwa hadi "Imekwisha".

Shida ni kwamba mama aliyeripoti ana kabambe. Haoni ubao huo. Anaendelea kubeba mtungi hadi kwenye bomba la mbali, ilhali pampu ya karibu ilitengenezwa tangu juzi.

Hapo ndipo webhuku inapofaa. Neno ni geni, kazi yake si ngumu. Badala ya mtu kufungua ubao kila saa akitafuta jipya, Trello yenyewe hutuma ujumbe kwenye anwani iliyopewa kila kunapotokea badiliko. Ni kama fundi kupiga simu mwenyewe akimaliza, badala ya kusumbuliwa mara kumi kwa siku.

Anwani hiyo lazima iwe hewani mchana na usiku, na hapo wengi hukata tamaa wakidhani ni lazima wanunue seva, yaani kompyuta isiyozimwa, na kuilipia stima na intaneti. Si lazima. Huduma kama Cloudflare Workers humruhusu mtu kuweka programu ya mistari michache ambayo huamka ujumbe unapofika, ikamaliza kazi, ikalala. Kiwango cha bure ni maombi 100,000 kwa siku; kamati ya maji haitakifikia hata pampu zote ziharibike pamoja. Na stima ikipotea kijijini hakuna neno, kwa maana programu haikai kijijini.

Programu ina kazi tatu. Ya kwanza ndiyo huwakwamisha wanaoanza. Webhuku inapoandikishwa, Trello hubisha hodi kwanza kwa ombi linaloitwa HEAD, na programu lazima ijibu 200, kumaanisha "nipo". Isipojibu, uandikishaji unakataliwa. Pili, programu husoma ujumbe: ni kadi gani, imetoka safu gani, imeingia ipi. Ujumbe huja hata mtu akiongeza maoni tu, kwa hivyo yote isiyohusu kuingia "Imekwisha" itupwe, la sivyo mama ataamshwa na SMS usiku wa manane bila sababu. Tatu, huiomba huduma ya SMS, kwa mfano Africa's Talking ya Nairobi, imtumie mama habari. SMS hulipiwa, na kamati iweke fedha hizo kwenye bajeti mapema.

Sasa usalama, na hapa hakuna mzaha. Tokeni ya Trello ni ufunguo: aliye nayo anaweza kufungua ubao kwa jina la mwenyewe. Isitumwe kwenye kikundi cha WhatsApp, wala isiandikwe ndani ya programu. Ina mahali pake pa siri. Pia, mtu akiijua anwani anaweza kutuma ujumbe wa uongo kwamba pampu imetengenezwa. Trello hutia kila ujumbe sahihi, katika kichwa kiitwacho X-Trello-Webhook, na programu iikague kabla ya kuamini.

Namba za simu za wakazi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kadi ibebe namba ya pampu pekee. Namba za simu zikae kwenye hifadhi ya siri ya programu, na ubao usiachwe wazi kwa umma.

Kamati ianze na pampu moja na simu ya katibu. Programu ikikosea, Trello hujaribu tena mara chache kisha huachana na ujumbe huo, kwa hivyo daftari lisichomwe bado. Na akaunti zote zifunguliwe kwa barua pepe ya kamati, si ya kijana aliyeandika programu. Akienda chuoni Septemba, pampu zitabaki hapa.