Dawa Zikigongana Mwilini mwa Mtoto

Leo tuzungumze juu ya mtoto anayemeza dawa kila siku kwa ajili ya ugonjwa wa akili au kifafa.

Tuchukue mfano wa karbamazepini. Ini ndilo huivunja dawa hii polepole mpaka itoke mwilini. Sasa mtoto ashikwe na kifua, tukimbilie dukani, apewe erithromaisini. Hiyo hulizuia ini kufanya kazi yake. Karbamazepini inajaa mwilini: mtoto anasinzia, anayumba kama mlevi, anatapika, anaona vitu viwili viwili. Tunasema karogwa, kumbe ni dawa zimegongana!

Tena karbamazepini hulifanya ini livunje haraka dawa ya malaria iitwayo AL, na malaria huenda isipone.

Basi tufanyeje? Tusikatize dawa ya kila siku ghafla, maana kifafa chaweza kurudi kwa nguvu. Twende kliniki na kadi ya mtoto na dawa zake zote. Hata miti shamba tuitaje. Kisha tuulize, "Daktari, hizi zinapatana?" Kuuliza si ujinga.