Ufunguo wa Makato: Vyama vya Walimu Kenya na Mlango wa Mgawanyiko

Tukizungumzia mgawanyiko katika vyama vya walimu, lawama huwaendea viongozi moja kwa moja: wanagombania vyeo, wanapenda siasa, wamewauza wanachama. Mengi ya hayo yana ukweli. Lakini naomba leo tuanzie kwingine, kwenye hati ya malipo ya mwalimu wa shule ya msingi. Chini ya mshahara na marupurupu kuna makato: ushuru, bima ya afya, mkopo wa sacco, kisha mstari mmoja mfupi wenye jina la chama na kiasi cha pesa. Pesa hizo mwalimu hajawahi kuzishika mkononi. Mwajiri ndiye aliyezikata, na ndiye aliyezituma. Hoja yangu ni kwamba mgawanyiko unaotuumiza hupitia hapo, na ufunguo wa mlango huo uko mfukoni mwa mwajiri.

Utaratibu wenyewe uliwekwa kwa nia njema. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007, mfanyakazi akishatia sahihi Fomu S ya kuidhinisha makato, mwajiri analazimika kukata ada na kuiwasilisha kwa chama. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akitambue chama kilichosajili zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kukiingia. Vyama vingi visingeishi bila ulinzi huo. Ila tazama matokeo yake: hazina ya chama na haki yake ya kuketi kwenye meza ya mazungumzo vyote viwili vinategemea hesabu ya vichwa, na hesabu hiyo husomwa kutoka kwenye daftari la mishahara la yule yule mnayejadiliana naye.

Yaliyokipata Chama cha Kitaifa cha Walimu, KNUT, kuanzia 2019 yanaonyesha hatari hiyo wazi kuliko nadharia yoyote. Mwaka 2016 KNUT na KUPPET, chama kinachowakilisha hasa walimu wa sekondari na vyuo, vilitia sahihi na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 hadi 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 54 na wa kulipwa kwa awamu nne. Baadaye TSC ikaleta miongozo mipya ya kupanda daraja badala ya mifumo ya utumishi ya zamani. Kwa mwalimu wa msingi aliyejisomesha hadi shahada kwa pesa zake, akitumaini cheti kitampandisha, mabadiliko hayo yalikuwa pigo. KNUT ikaenda mahakamani, na Julai 2019 ikapata uamuzi uliowarejesha wanachama wake kwenye mifumo ya zamani. TSC ikajibu kwamba nyongeza za mkataba zilijengwa juu ya miongozo mipya, kwa hiyo anayeikataa miongozo amezikataa na nyongeza. Awamu ya tatu ya nyongeza ikawafikia walimu wengine, wanachama wa KNUT wakarukwa. Walimu wawili wa daraja moja, wanaofundisha madarasa yanayopakana, wakawa wanapokea mishahara tofauti kwa sababu ya ule mstari mfupi kwenye hati ya malipo. Walimu wakafanya hesabu ambayo yeyote mwenye karo ya kulipa angeifanya. Wakajiondoa kwa maelfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kikaporomoka hadi chini ya 30,000 katika muda wa takriban miaka miwili. Afisi za matawi zikakosa kodi ya nyumba na mishahara ya makarani.

Wapo watakaosema KNUT ilijitakia. Ilishtaki miongozo ambayo walimu wengi wa sekondari waliona inawafaa, na Agosti 2019, moto ukiwa umeshawaka, viongozi wake wakagawanyika pande mbili na kupelekana mahakamani kuhusu nani ni katibu mkuu halali. Nakubali, na kosa la pili halina utetezi. Hata hivyo ugomvi wa viongozi haukumwondolea mwalimu hata shilingi moja ya mshahara. Kilichomwondoa chamani ni kuona uanachama umegeuzwa kuwa gharama. Kama nyongeza zingewafikia walimu wote, wanachama wangebaki na kuwaadhibu viongozi wao kwa kura.

Wengine watasema dawa ni chama kimoja kwa walimu wote. Historia haiungi mkono dawa hiyo inapoletwa kwa amri. COTU, shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Kenya, liliundwa mwaka 1965 baada ya mapambano makali ya mashirikisho mawili hasimu, na Rais akapewa uwezo wa kumteua katibu mkuu kutoka majina matatu aliyopelekewa. Kule Tanganyika, NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote kilichoundwa mwaka 1964, kiliongozwa na Michael Kamaliza, ambaye wakati huo huo alikuwa waziri wa kazi. Mfanyakazi aliyetaka kumlalamikia waziri alikwenda kwa mtu yule yule. Na kuwepo kwa COTU hakukuzuia serikali ya Kenya kukifuta chama cha watumishi wa umma mwaka 1980. Kilirudi baada ya takriban miaka ishirini. Mwalimu wa chekechea na mhadhiri wa chuo cha ualimu wana shida tofauti, na sioni ubaya wakiwa na vyama tofauti.

Ubaya ni kuketi kwenye meza tofauti. Agosti 2024 KNUT ilisitisha mgomo uliokuwa umepangwa siku moja kabla shule hazijafunguliwa, KUPPET ikaendelea wiki nzima peke yake, huku walimu wanagenzi 46,000 wa sekondari msingi wakisubiri kujua ni nani hasa anayewasemea. Ndiyo maana napendekeza mambo mawili. Kwanza, chama kiwe na njia ya pili ya kukusanya ada. Nitaambiwa walimu hawatalipa wenyewe. Mbona walimu hao hao hutuma michango ya harusi, matanga na vyama vya akiba kwa M-Pesa kila mwezi bila kukatwa na yeyote? Hulipa wanapomjua mweka hazina na kuona hesabu. Tawi lenye theluthi moja tu ya wanachama wanaolipa kwa hiari haliwezi kufungwa kwa barua ya mwajiri. Pili, kabla ya mkataba ujao vyama vyote vikubaliane kwa maandishi juu ya kifungu kimoja cha kutangulizwa mbele ya suala lolote la pesa: nyongeza yoyote imfikie kila mwalimu wa daraja husika, awe mwanachama wa chama chochote au asiwe, na asiye mwanachama atozwe ada ya uwakilishi ambayo sheria tayari inairuhusu. Chama kitakachoombwa kutia sahihi mkataba usio na kifungu hicho kiiweke kalamu chini, na vingine viiweke pamoja nacho.