Kuku wa Uani na Baridi ya Ghafla

Mnamo Februari 2021, jimbo la Texas nchini Marekani, ambalo majira yake ya baridi kwa kawaida huwa ya wastani, lilikumbwa na dhoruba iliyoshusha halijoto mjini Dallas hadi takriban nyuzi 19 za Selsiasi chini ya sifuri, huku mamilioni ya wakazi wakikosa umeme, na taa za joto mabandani zikawa hazina kazi.

Hata hivyo, kuku mzima, ambaye joto la mwili wake hukaribia nyuzi 41, hutunisha manyoya na kunasa hewa ndani yake, kwa hiyo banda kavu lisilopitisha upepo humfaa kuliko taa, ambayo ikiangukia maranda huzusha moto. Adui mkubwa ni unyevu: pumzi na kinyesi hujaza banda mvuke, na mvuke huo ukitua juu ya undu, yaani ile nyama nyekundu ya kichwani, ngozi huganda, damu ikakoma kupita na ncha zikawa nyeusi. Kuziba kila tundu, jambo ambalo mfugaji mwenye huruma hulikimbilia kwanza, huzidisha madhara. Matundu ya hewa hayana budi kubaki wazi karibu na paa, juu ya fito za kulalia, ambazo zikiwa bapa humwezesha kuku kufunika vidole kwa manyoya ya tumbo. Jogoo wa aina ya Leghorn, mwenye undu mkubwa, huathirika upesi zaidi. Maji yanayoganda hubadilishwa mara kwa mara, kwani kuku asiyekunywa hupunguza kula, na chakula ndicho kuni zake za usiku.