Mzee Anayesahau Si Mchawi
Mama anayepotea njia ya kisimani aliyoipita miaka 50 hajamroga mtu. Ubongo wake unaugua. Tangu 1993 watafiti wanajua kuwa jeni iitwayo APOE4 huongeza hatari ya ugonjwa wa Alzheimer. Seli za kinga za ubongoni nazo, zikichokozwa muda mrefu, huleta uvimbe wa ndani kwa ndani unaoharibu ubongo. Lakini jeni si hukumu: kule Ibadan, Nigeria, wazee Wayoruba waliochunguzwa waliugua kwa kiwango cha chini kuliko Wamarekani weusi wa Indianapolis. Presha na sukari pia huudhuru ubongo, na hizo hupimwa zahanati. Wanaonong'onea mvi za mzee (mvi ambazo wao wenyewe wanaomba kuzifikia) wampeleke kwanza akapimwe.